Kujisemea Kazini: Mwongozo kwa Mfanyakazi Ambaye Ubongo Wake Hufanya Kazi kwa Namna Tofauti

Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi Mbeya au Tukuyu wakati wa masika anajua kwamba mvua inapopiga juu ya paa la bati lisilo na dari, mazungumzo husimama, kila mtu husubiri, na hakuna anayemlaumu mwenzake kwa kutosikia. Kwa baadhi yetu, sauti za kawaida za mahali pa kazi, yaani redio, jenereta, simu iliyowekwa spika na watu watatu wanaozungumza kwa pamoja, hufanya kazi ileile ambayo mvua hiyo huwafanyia watu wote. Tofauti ni kwamba sisi hatusubiriwi. Tunaandikiwa onyo.

Mwongozo huu ni kwa wafanyakazi wenye usonji, ambao hugusa namna mtu anavyowasiliana na wenzake na anavyopokea sauti na mabadiliko, wenye hali ambayo madaktari huiita ADHD, ambapo umakini hutawanyika na mwili hautulii, wenye disleksia, ambayo huyafanya maandishi na namba kuwa mzigo, na wenye hali nyingine za kuzaliwa nazo ambazo huufanya ubongo upokee na kupanga mambo kwa njia yake. Ni kwa waliopimwa na kupewa jina la hali yao, na pia kwa wale ambao hawajawahi kupimwa ila wamejijua hivyo tangu darasa la kwanza.

Ninaandika nikiwa mmoja wao. Kwa miaka kadhaa nimetunza leja katika stoo ya pembejeo za kilimo, na siku moja niliandika kwamba tumepokea mifuko 165 ya mbolea wakati iliyoshushwa ilikuwa 156. Stoo ilipohesabiwa, mifuko 9 haikuonekana, na kwa majuma mawili nilitazamwa kama mwizi. Sikuwa mwizi, na wala sikuwa mzembe. Namba hunigeukia, nazo zilikuwa zimenigeukia hivyo tangu shule ya msingi. Nililia, nikaomba radhi, nikaahidi kuwa makini zaidi, na mwezi uliofuata nikakosea tena. Kilichonisaidia baadaye hakikuwa kuongeza umakini, bali kuomba badiliko moja dogo katika utaratibu wa kazi na kulipata kwa maandishi. Ndiyo maana mwongozo wote huu unasimama juu ya jambo hilo moja: ukienda kwa mwajiri, omba badiliko la kazi linalotajika na kupimika, usiombe kuhurumiwa. Huruma humtegemea mtu na siku aliyoamkia, lakini utaratibu ulioandikwa hubaki.

Hatua ya kwanza: weka daftari kwa wiki tatu

Kabla ya kumwambia mtu yeyote neno lolote, nunua daftari dogo na uandike kila siku mambo manne: kazi uliyopewa, jinsi ulivyoagizwa, mahali na wakati ulipoifanya, na matokeo yake. Usiandike jinsi ulivyojisikia, kwa sababu hisia hazitakusaidia mbele ya meneja, andika kilichotokea. Badala ya kuandika kwamba siku ilikuwa mbaya, andika kwamba saa nne asubuhi uliagizwa mambo matano kwa mdomo ukiwa umesimama mlangoni, ukafanya matatu na kusahau mawili, ilhali Jumatano iliyotangulia uliandikiwa mambo sita kwa ujumbe wa simu na ukayakamilisha yote.

Andika pia siku zilizokwenda vizuri. Hili watu wengi hulisahau, nalo ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote, kwa kuwa siku nzuri hukuonyesha ni mazingira gani yanayokuwezesha kufanya kazi. Mimi niligundua kwamba makosa yangu yote yalitokea niliposomewa namba kwa sauti huku lori likishusha mizigo, na kwamba sikukosea hata mara moja nilipoletewa karatasi na kuihakiki nikiwa nimekaa. Nilikuwa nimefanya kazi hiyo kwa miaka bila kuliona jambo hilo, kwa sababu nilikuwa ninajitazama mimi na kasoro zangu, na sikuwa ninaitazama kazi yenyewe.

Wiki tatu zikiisha, soma daftari lako na utenganishe vitu viwili. Yapo matatizo yanayotokana na jinsi ubongo wako unavyofanya kazi, na yapo yanayomwumiza kila mtu hapo kazini, kama vile mshahara kuchelewa, zamu ndefu kupita kiasi au msimamizi anayetukana. Hayo ya pili yana njia yake, na ni bora yadaiwe na wafanyakazi wote kwa pamoja. Ukiyachanganya na ombi lako, ombi lako litapotea ndani yake.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo linastahili ukurasa wake katika daftari hilo, nalo ni salamu. Katika Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Kyela hadi Iringa, mtu anayeingia ofisini bila kuzunguka na kusalimia huonekana ana dharau, na dharau ni kosa linalokumbukwa kuliko kuchelewa. Mfanyakazi mwenye usonji ambaye amebeba hesabu kichwani tangu nyumbani anaweza kuwapita wenzake watano bila kuwaona. Kwa upande mwingine, kutomtazama mkubwa machoni, jambo ambalo madaktari hulihesabu miongoni mwa dalili za usonji, kwetu huchukuliwa kuwa adabu njema, na ninaamini hiyo ni sababu mojawapo ya watu wengi wa huku kufikia utu uzima bila yeyote kuwatilia shaka. Kama unasemwa kuwa una kiburi, andika ni nani aliyesema, wakati gani, na ulikuwa unafanya nini wakati huo.

Hatua ya pili: amua kuhusu kupimwa

Huhitaji cheti cha daktari ili kuomba uandikiwe maagizo au kuhamishiwa meza iliyo mbali na mlango. Maombi madogo ya namna hiyo yaombe leo. Cheti huwa muhimu unapoomba jambo kubwa, kwa mfano kubadilishiwa zamu au majukumu, na huwa muhimu zaidi kama mgogoro utafika mbali.

Anza kwa kupima macho na masikio, kwa sababu macho yasiyoona vizuri na masikio yaliyopungua uwezo husababisha makosa yanayofanana sana na haya, na kuyapima ni rahisi. Baada ya hapo, mweleze daktari wa kituo chako cha afya au hospitali ya wilaya kwamba unaomba rufaa ya kwenda kuonana na daktari wa magonjwa ya akili au mwanasaikolojia. Kwa watu wa kanda hii, hospitali kubwa ya rufaa iliyo karibu ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, na kwa aliye Iringa, Dodoma yenye hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe si mbali sana. Usiogope jina la kliniki. Wengi hukataa kwenda kwa kuwa hawataki kuonekana wamesimama kwenye foleni ya wagonjwa wa akili, na ninaielewa hofu hiyo, lakini hao ndio wataalamu wenye ujuzi wa kutambua hali hizi kwa mtu mzima.

Hali hizi huanza utotoni, kwa hiyo daktari atataka kujua ulivyokuwa ukiwa mtoto. Kwa ADHD, kwa mfano, vigezo vinavyotumiwa na wengi hutaka dalili kadhaa ziwe zimeonekana kabla ya umri wa miaka 12. Nenda na ripoti zako za shule kama zipo, hasa zile zenye maoni ya mwalimu wa darasa. Kama mama, shangazi au kaka yako mkubwa anaweza kufuatana nawe, afuatane, na kama hawezi, mwombe akueleze ulichelewa kuongea au la, ulikuwa unacheza na nani, na ulikuwa unapigwa kwa makosa gani, kisha uyaandike. Kwa waliochukuliwa kwenye maombi tangu utotoni, sina neno la kupinga imani ya mtu yeyote. Ninachosema ni kwamba mchungaji hawezi kuandika taarifa ya kitabibu ambayo mwajiri ataipokea.

Hatua ya tatu: fahamu sheria inasema nini

Hutakiwi kuwa mwanasheria, lakini yako mambo machache ambayo ukiyajua utazungumza ukiwa umetulia.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Mkataba huo, katika kifungu cha 27, unataka watu wenye ulemavu wafanyiwe marekebisho yanayofaa mahali pa kazi, na unahesabu kunyimwa marekebisho hayo kuwa ni aina ya ubaguzi. Mwaka uliofuata Bunge lilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, ambayo pamoja na mambo mengine inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kuwa angalau asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Sheria hiyo haiutazami ulemavu kuwa ni jambo la viungo peke yake; inauangalia kama kupungua kwa nafasi ya mtu kushiriki maisha ya jamii sawa na wenzake kutokana na sababu za kimwili, kiakili au kijamii. Waajiri wengi humfikiria mtu wa kiti cha magurudumu tu wanaposikia neno hilo, na ni vyema uwe tayari kueleza kwa upole kwamba sheria inatazama mbali zaidi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na kinga hiyo inamgusa hata mtu anayeomba kazi. Sheria hiyohiyo inasema kuwa mfanyakazi akishaonyesha kwa awali kwamba amebaguliwa, ni jukumu la mwajiri kuthibitisha kuwa hakumbagua. Vilevile haikubali mtu aachishwe kazi kwa sababu zinazohusiana na ulemavu wake. Zingatia, hata hivyo, kwamba ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haumhusu mtu ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo, kwa hiyo aliye katika kipindi cha matazamio apime maneno yake kwa uangalifu zaidi.

Je, ni lazima ujiite mwenye ulemavu? Swali hili linawaumiza wengi, na sidhani kuwa mtu mwingine ana haki ya kulijibu kwa niaba yako. Nitasema tu kwamba neno hilo katika sheria ni mlango wa kuingilia kwenye haki, na unaweza kuupitia mlango huo kwenye barua yako bila kulifanya kuwa jina lako mtaani.

Hatua ya nne: chagua ombi, na liwe dogo

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo ningependa utumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Ombi zuri hutaja kitu chenyewe, hutaja kitafanyika lini na nani, hueleza gharama yake, na hutoa njia ya kujua kama limefaa. Kusema kwamba unaomba ueleweke si ombi, kwa kuwa mwajiri akikubali hutajua amekubali nini, na akikiuka hutakuwa na cha kumwonyesha.

Mfano bora ninaoufahamu wa marekebisho yasiyo na gharama uko Iringa mjini, kwenye mgahawa wa Neema Crafts, ambao wahudumu wake ni viziwi. Mteja hupewa kikaratasi, anaandika anachotaka, na chakula kinakuja. Hakuna mashine, hakuna mtaalamu, ni kalamu na karatasi tu, na kazi ambayo watu wangeapa kwamba kiziwi haiwezi inafanyika kila siku. Unapokaa na daftari lako, jiulize: karatasi yangu mimi ni ipi?

Kwa mwenye ADHD, mara nyingi ni maagizo yaliyoandikwa yakiwa na mpangilio wa kipi kianze, na msimamizi kupita mara moja saa sita mchana kuuliza umefika wapi, kwa sababu kazi ya wiki nzima isiyo na kituo katikati humponyoka. Kwa mwenye disleksia, inaweza kuwa maandishi makubwa zaidi kwenye fomu, rula ya kuweka chini ya mstari unaosomwa, ruhusa ya kutuma taarifa kwa ujumbe wa sauti, au mtu wa pili wa kusoma namba pamoja naye kabla hazijaingizwa. Kwa mwenye usonji, kujua ajenda ya kikao siku moja kabla, kuambiwa mapema zamu ikibadilika, na kuruhusiwa kula chakula cha mchana peke yake bila kuhesabiwa kuwa anawatenga wenzake, ni mambo madogo yanayoamua kama atamaliza mwaka au ataacha kazi mwezi wa tatu. Kwa wanaofanya kazi kwenye viwanda vya kupasua mbao Mafinga na Sao Hill, vizuia kelele vya masikioni ni kinga ambayo kila mfanyakazi anastahili, kwa hiyo anza na hilo, kwani ni vigumu kukataliwa kitu ambacho usalama wa kazi wenyewe unakitaka.

Angalia pia kwamba yanayofaa hutofautiana. Nimefanya kazi na kijana ambaye akitumiwa ujumbe wa sauti wa dakika mbili huupoteza wote, lakini akiandikiwa mistari minne hufanya kila kitu. Mimi, isipokuwa kwa namba, ni kinyume chake kabisa. Usiombe kilichomsaidia mwenzako kwa kuwa tu mna hali yenye jina moja. Chukua lile ambalo daftari lako limeshathibitisha.

Omba jambo moja au mawili, kwa majaribio ya wiki nne. Mwajiri anayekataa badiliko la kudumu mara nyingi hukubali jaribio, na jaribio likifanikiwa huwa ni vigumu kuliondoa.

Hatua ya tano: amua utasema kiasi gani, na kwa nani

Unaweza kueleza hitaji tu, bila sababu: nafanya kazi vizuri zaidi nikiandikiwa. Unaweza kueleza hitaji pamoja na sababu fupi: tangu shule namba hunigeukia. Au unaweza kutaja jina kamili la hali yako na kuonyesha taarifa ya daktari. Amua kiwango chako ukiwa nyumbani, usingoje kuamua ukiwa umeshakaa mbele ya mtu, kwa maana neno likitoka halirudi. Ushauri wangu ni kuanza na kiwango cha chini kinachoweza kuleta badiliko, na kupanda ikiwa tu hakikutosha.

Mahali kama Njombe au Tukuyu, ambapo karani wa ofisi anaweza kuwa ndugu wa mkwe wako, siri ni suala zito. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa ni taarifa nyeti, kwa hiyo una haki ya kuandika kwenye barua yako kwamba hujaridhia taarifa hizo zifikishwe kwa wengine zaidi ya wanaohitaji kuzitumia. Taarifa ya daktari ikabidhi kwa mkono kwa afisa rasilimali watu ndani ya bahasha iliyofungwa. Usiitume kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, na usimpe mwenzako akupelekee.

Kwa kawaida mtu wa kwanza kuzungumza naye ni msimamizi wako wa karibu, kwa kuwa ndiye anayepanga kazi. Mruke tu ikiwa yeye mwenyewe ndiye tatizo.

Hatua ya sita: mazungumzo yenyewe

Omba muda mapema, na usilianzishe jambo hili kwenye korido wala siku ya kufunga hesabu. Andika utakayosema na uingie na karatasi hiyo mkononi. Hakuna aibu kusoma, na ukisema mapema kwamba utasoma, hakuna atakayeshangaa. Yangu yalikwenda hivi, baada ya kuyafanyia mazoezi na mke wangu jioni tatu mfululizo:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, kaa."

"Asante, mama. Nimekuja kuhusu kazi yangu ya leja. Nimeandika ninachotaka kusema ili nisisahau, naomba nisome."

"Haya, soma."

"Makosa yote ya miezi miwili iliyopita yalitokea wakati nasomewa namba mlangoni huku gari likishusha. Siku nilizoletewa karatasi mezani, sikukosea. Naomba kwa wiki nne zijazo anayepokea mzigo aandike idadi kwenye karatasi, aniletee, na tuisome pamoja kabla sijaingiza. Inachukua kama dakika tano kwa kila gari."

"Kwani wewe unaumwa?"

"Siumwi, mama. Namba hunigeukia tangu nikiwa shule. Kazi naiweza, ila njia hii tunayotumia ndiyo inayonikosesha."

Swali lile la kuumwa nililitarajia, na kama nisingelitarajia ningenyamaza. Jiandae kwa hilo, na kwa mengine mawili yanayokuja mara nyingi: mbona wenzako wanaweza, na nikikuruhusu wewe wengine wote si watataka? Kwa la kwanza, rudi kwenye daftari na uonyeshe siku ulizoweza. Kwa la pili, sema kwamba kama badiliko hilo litapunguza makosa ya wengine pia, ofisi itakuwa imepata faida.

Ukiwa mtu ambaye maneno humkauka anapozidiwa, mkabidhi karatasi aisome mwenyewe, au ingia na mwakilishi wa tawi la chama cha wafanyakazi au mwenzako unayemwamini. Heshima haivunjiki kwa kusindikizwa.

Hatua ya saba: weka kwenye maandishi siku hiyohiyo

Makubaliano ya mdomo hufa msimamizi anapohamishwa. Kabla ya kuondoka kazini siku hiyo, andika barua fupi kwa muundo wa kawaida wa barua za ofisi. Mwili wake unaweza kuwa hivi:

"Yah: Maombi ya marekebisho ya utaratibu wa kazi. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Kufuatia mazungumzo yetu ya leo, ninaomba kwamba kwa kipindi cha wiki nne kuanzia Jumatatu ijayo, idadi ya mizigo inayopokelewa iandikwe kwenye karatasi na kuhakikiwa na watu wawili kabla ya kuingizwa katika leja. Ninaomba hivyo kwa sababu nina hali ya kudumu inayonifanya nichanganye mpangilio wa namba ninapozisikia kwa haraka. Marekebisho haya hayana gharama kwa kampuni. Mwisho wa kipindi hicho ninaomba tukutane tulinganishe idadi ya makosa ya kabla na ya baada. Taarifa hii inahusu afya yangu, hivyo ninaomba isitolewe kwa asiyehusika bila ridhaa yangu."

Toa nakala mbili, peleka zote masijala au kwa katibu muhtasi, na uondoke na moja iliyogongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kama ofisi haina muhuri, mpokeaji aandike jina, sahihi na tarehe kwa kalamu. Kama mwajiri wako ni mwenye duka Mwanjelwa ambaye barua ingemshtua, mtumie ujumbe wa simu wa kushukuru unaorudia mlichokubaliana, na usiufute.

Kibarua wa shamba la chai Mufindi au Rungwe, ambaye bosi wake ni mnyapara na siku yake huhesabiwa kwa kilo, hana masijala ya kwenda. Kwake njia ya haraka ni kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, na kwa mashamba makubwa chama hicho mara nyingi ni TPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashambani. Ombi linaweza kuwa rahisi kama kuonyeshwa kwa mkono kabla ya kuelezwa, au kilo zake zisomwe mara mbili mbele yake na ziandikwe kwenye kadi anayobaki nayo.

Hatua ya nane: ukikataliwa

Uliza sababu, na uiombe kwa maandishi. Mara nyingi kuulizwa tu huwafanya watu wafikiri upya. Kisha peleka suala hilo kwa tawi la chama chako, iwe ni TUICO, TUGHE, TALGWU au CWT, na ufuate utaratibu wa malalamiko wa ndani.

Ukipewa barua ya kujieleza, jibu ndani ya muda uliowekwa, hata kama jibu lenyewe ni la kuomba muda zaidi. Ukiitwa kwenye kikao cha nidhamu, kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinakupa muda wa kujiandaa, ambao kwa kawaida haupaswi kupungua saa 48, na zinakupa haki ya kusaidiwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzako. Omba mapema tuhuma zote ziwe kwenye maandishi, na omba maswali yaulizwe moja baada ya jingine. Nenda na daftari lako na nakala ya barua yenye muhuri. Usisaini kitu ambacho hujakisoma kwa utulivu. Una haki ya kusema kwamba unahitaji kukisoma nje ya chumba.

Ikiwa hayo yote yameshindikana na uko sekta binafsi, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wafanyakazi huiita CMA, ina ofisi Mbeya na Iringa, na huanza kwa usuluhishi kabla ya uamuzi. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo haki hupelekwa ndani ya siku 30, na migogoro mingine, ukiwamo ubaguzi, ndani ya siku 60. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda kwa kueleza sababu, lakini asiitegemee nafasi hiyo. Ninawasihi hasa wenye ADHD, ambao siku huwapita kama upepo wa Makambako: andika tarehe ya mwisho ukutani siku uliyopokea barua, na mpe mtu mwingine jukumu la kukukumbusha. Mtumishi wa umma ana njia tofauti, kwa kuwa anatakiwa kwanza kumaliza rufaa zilizowekwa ndani ya mfumo wa utumishi wa umma, na mwalimu wa serikali huanzia Tume ya Utumishi wa Walimu.

Hatua ya tisa: lilinde ulilolipata

Wiki nne zikiisha, usisubiri kuitwa. Peleka hesabu ya kabla na ya baada, na kama badiliko halikusaidia sema hivyo bila kuficha, kisha omba kujaribu jingine. Kukiri kwamba jaribio la kwanza halikufaa kutamfanya msimamizi aliamini la pili.

Msimamizi mpya anapoletwa, mpelekee nakala ya barua yako ndani ya wiki ya kwanza, kabla hajapanga mambo kwa mazoea ya alikotoka. Wangu alihamishiwa kwetu akitokea tawi la Makambako, nami nilimkabidhi nakala siku ya pili, baada ya salamu, bila kuongeza maelezo. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaniuliza swali moja tu: Jumamosi, ambapo wapokeaji wa mizigo hawapo wote, ni nani husoma namba pamoja nami? Nikamwambia hakuna. Akachukua ratiba ya zamu na kuanza kutafuta jina.